Namna ya kuchagua doriani: anza na ulimi, jina baadaye

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye meza ya plastiki kando ya barabara Kuala Lumpur, muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Manis ke pahit?" Tamu au chungu? Nikajibu kama mtu mwenye noti mpya mfukoni: nipe lililo bora. Akatabasamu, akanifungulia lile la bei kubwa kuliko yote. Lilikuwa chungu kama kahawa ya barazani. Mimi nimekulia Unguja na doriani, tunda lile la miiba na harufu kali, si geni kwangu, lakini doriani la namna ile sikuwahi kulionja, na nililipa zaidi ya ringgit mia moja kujifunza kwamba swali lile halikuwa la mzaha.

Mwongozo huu ni wa mtu atakayejikuta mbele ya lundo kama lile: mwanafunzi aliyeko Malaysia, mfanyabiashara anayepita Bangkok, au mtu wa Dubai au London anayesimama mbele ya friji la duka la vyakula vya Asia asijue ashike lipi. Utahusu zaidi madoriani ya Malaysia na Thailand, kwa kuwa huko ndiko yanakouzwa kwa majina. La Zanzibar nitaligusa mwishoni.

Hatua ya 1: Uulize ulimi wako kabla hujamuuliza muuzaji

Wamalaysia wana maneno machache ya doriani ambayo ukiyashika hata jina la aina huhitaji. Manis ni tamu, pahit ni chungu, kering ni kavu, basah ni majimaji. Lemak ni ule utamu wenye mafuta, kama tui la kwanza la nazi. Ndilo neno lililomo katika nasi lemak, wali wao wa nazi. Mwambie muuzaji "manis, lemak, kering" na atajua akuchagulie nini.

Sasa jipime. Uchungu unauweza? Kule uchungu si kasoro. Wakulima husema mti mzee hutoa tunda chungu zaidi na lenye ladha nzito, na wapo wateja wanaoongeza pesa kwa ajili hiyo hasa. Mtu aliyelelewa kwa halua na kashata hupenda tamu kwanza, kisha uchungu humwingia polepole. Mimi ilinichukua misimu miwili, na sasa doriani tamu tupu naliona kama chai iliyojazwa sukari.

Halafu namna linavyokaa mdomoni. Lipo linalotulia kama samli iliyoganda, lipo linalonata kama halua, lipo la kastadi inayotaka kumwagika, na lipo lenye nyuzinyuzi kama kiazi kikuu kilichopondwa vibaya. Wengi wanaoapa kwamba hawapendi doriani kumbe walichukizwa na umajimaji tu. Wape lililo kavu, watamaliza sahani.

Kuhusu harufu, jina la kitaalamu la tunda hili ni Durio zibethinus. Durio inatokana na "duri", yaani mwiba kwa Kimalay, na zibethinus imetoka mbali hadi kwenye neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi zabadi, mafuta ya ngawa. Mwiba wenye zabadi, basi, na aliyelipa jina hilo pua yake ilikuwa nzima. Kama harufu ndiyo inayokushinda, anza na madoriani ya Thailand.

Hatua ya 2: Tazama lilikotoka

Tofauti kubwa kuliko zote haiko kwenye aina. Iko kwenye namna tunda linavyotoka mtini. Malaysia huliacha doriani lianguke lenyewe, mara nyingi usiku, na huliwa siku hiyo au kesho yake. Thailand hulikata likiwa limekomaa lakini bado gumu, likaivia njiani au sokoni. Kwa hiyo la Thailand ni imara zaidi, harufu yake ni ndogo, utamu wake umenyooka, na linavumilia safari ndefu. La Malaysia ni laini, ladha yake ina mambo mengi, na halisubiri mtu.

Hili linakwambia mapema utakachokipata. Doriani zima lisilogandishwa utakaloliona mbali na Asia ya Kusini-Mashariki, kwa kiasi kikubwa litakuwa la Thailand. La Malaysia mara nyingi utalikuta limegandishwa, na kugandishwa vizuri hakuliharibu sana.

Misimu nayo inapishana. Mashariki ya Thailand, kule Chanthaburi na Rayong, ni Aprili hadi Juni, kisha kusini hufuata. Malaysia msimu mkubwa ni Juni hadi Agosti, na kuna mdogo kuelekea mwisho wa mwaka. Ukienda Machi utakuta wauzaji, lakini hutapenda bei wala tunda.

Hatua ya 3: Sasa jifunze majina

Malaysia ina rejista ya serikali inayoipa kila aina herufi D na namba, ndiyo maana vibao vya bei husomeka kama namba za magari. Zimepita 200, ila utakazokutana nazo mtaani hazizidi kumi.

D24 ndilo ningemwambia kila mtu aanze nalo. Liliandikishwa mwaka 1937, asili yake ni Bukit Merah katika jimbo la Perak, na kwa miongo mingi lilikuwa ndilo doriani la heshima kabla jipya halijaja kulipiku. Nyama yake ni ya manjano iliyofifia, laini, nzito, tamu kisha uchungu kidogo unaokuja mwishoni kama mtu aliyesahau kuaga. Bei yake mara nyingi ni nusu ya lile jipya. Kasoro yake ni kwamba linabadilika sana kutoka shamba hadi shamba, na mvua zikizidi hugeuka majimaji.

Lile jipya ni Musang King, D197, lililoandikishwa mwaka 1993. Jina limetokana na Gua Musang huko Kelantan, na musang ni mnyama wa jamii ya ngawa. Basi zabadi imeturudia tena. Jina lake la zamani ni Raja Kunyit, mfalme wa manjano, na hiyo manjano ni ile ya kwenye mchuzi. Ukilifungua huhitaji maelezo: nyama ina rangi ya bizari ya manjano iliyokolea, imekunjamana kidogo, kokwa ni ndogo na bapa. Nje ni kavu kidogo, ndani ni kama siagi, na utamu na uchungu vinakuja pamoja. Ni doriani zuri sana. Je, linastahili mara mbili ya D24? Msimu ukiwa katikati na bei imeshuka, ndiyo. Mwanzo wa msimu, pochi yangu husema hapana, nami huitii.

Black Thorn, au Duri Hitam, ni D200, na liliandikishwa mwaka 2015. Limetoka upande wa Penang. Rangi yake huelekea chungwa, ni laini mno, tamu kuliko Musang King na uchungu wake ni mdogo. Kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote mezani. Mgeni asiyependa uchungu akija na pesa zake, huyu mpelekee Black Thorn, usimpe Musang King. Wengi hufanya kinyume kwa sababu jina la pili ndilo walilolisikia.

Udang Merah, "kamba mwekundu", ni D175, nalo ni la Penang. Nyama yake ina wekundu wa chungwa, inanata, ni tamu bila kona nyingi. Watoto hulipenda. XO ni kinyume chake: limepauka, majimaji, chungu, na lina mwonjo wa kitu kilichoanza kuchacha, ndiyo maana likapewa jina la pombe. Sio kileo, lakini ladha inakupeleka huko. Mwenye kuchukizwa na hilo apite tu. D13 ni tamu, la rangi ya chungwa, kokwa kubwa, bei nafuu. IOI, yaani D168, hununuliwa na wanaotaka rangi ya Musang King bila bei yake. Tekka, D160, lina uchungu wa wazi na linapendwa na wazee wa kazi.

Halafu lipo durian kampung, doriani la kijijini, lililoota kwa mbegu na lisilo na namba. Hapo hununui aina, unanunua bahati. Moja litakuwa jembamba lenye kokwa kama yai, la pili litakufanya usahau Musang King. Kwa bei yake unaweza kununua matano na kutupa mawili, bado ukatoka na faida.

Upande wa Thailand mambo ni mepesi. Monthong, "mto wa dhahabu" ule wa kulalia, ndilo linalotawala masoko ya nje: kubwa, kilo 3 hadi 5, refu lenye ncha, nyama nene, tamu, harufu ndogo, kokwa nyembamba. Ni doriani la kuanzia kwa anayeogopa. Chanee ni la manjano zaidi, laini na lenye harufu kali. Wathai wengi wa makamo huliona lina ladha kuliko Monthong. Kradum ni dogo, la mviringo, huwahi sokoni. Kanyao, lenye kikonyo kirefu, ni la matajiri: mwaka 2019 moja liliuzwa kwenye mnada wa hisani huko Nonthaburi kwa baht milioni 1.5. Nimelionja la bei ya kibinadamu. Tamu, laini, basi.

Hatua ya 4: Hakikisha ganda linakubaliana na kibao

Udanganyifu wa kawaida ni kuuza doriani lingine kwa jina la Musang King. Yalinipata njiani nikielekea kusini, kwenye gari lililoegeshwa na kibao kikubwa cha bei ya kuvutia. Nilipofika nyumbani kufungua, nyama ilikuwa nyeupe kama wali.

Geuza tunda utazame kitako. Musang King lina nyota ya kahawia yenye pembe tano, mahali palipo kama upara kwenye miiba. Nyota peke yake haitoshi, maana yapo mengine yenye alama inayofanana, kwa hiyo mwambie muuzaji akate kipembe kidogo uone rangi: ikiwa si ya bizari, si lenyewe. D24 huwa na mviringo wa kahawia pale kikonyo kinapoungana na tunda. Black Thorn limejikunja kama boga, na kitakoni mara nyingi hubaki kijisalia cheusi cha ua kilichokauka, ambacho ndicho kililipa jina. Udang Merah ganda lake linaelekea rangi ya kahawia.

Muuzaji mwenye msimamo hafungi tunda kwenye mfuko kabla hujaliona ndani. Anayekataa kufungua, mshukuru uende zako.

Hatua ya 5: Chagua tunda lenyewe

Aina nzuri yenye tunda baya ni hasara ile ile. Mimi hufanya hivi, na hufanya kwa mpangilio huu kwa sababu mambo ya mwanzo hayahitaji kulibeba.

Anza na kikonyo. Kikiwa kibichi na chenye unyevu, tunda limeanguka leo. Kikiwa kimesinyaa na kukauka, limelala siku mbili au zaidi. Kama kimekatwa upya kwa kisu, jiulize kwa nini. Kisha tafuta matundu. Tundu dogo lenye unga unga pembeni ni la funza, na Wamalaysia wengine husema funza hachagui baya, mimi namwachia.

Shika miiba miwili iliyo jirani uibane kwa vidole. Ikikaribiana kidogo, limeiva. Ikikataa kabisa, bado. Halafu likaribishe sikioni ulitikise taratibu: kama kitu kinagonga kidogo ndani, nyama imeshaachana na ganda, na hilo ndilo unalolitaka. Likigonga sana kama njuga, limepita. Kwa Monthong kutikisa hakusaidii sana. Wathai huligonga kwa kijiti na kusikiliza, sauti ya mvumo mzito wenye uwazi ndiyo ya kuiva, ya kavu kama ya ubao bado.

Mwisho nusa kitako, kwenye mistari inayotenganisha vyumba vya nyama. Harufu iwepo lakini isikurushe. Lenye harufu ya siki limechacha. Ganda likiwa limeshapasuka lenyewe, hewa imeingia na ladha imeanza kutoka. Lisikudanganye kwa kuwa linaonekana karimu.

Jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia asipoulizwa: mvua. Mvua kubwa ikinyesha siku mbili tatu mfululizo shambani, nyama hunywa maji na utamu hupungua, iwe D24 au mfalme. Siku hizo nunua la bei ndogo au subiri.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya nyama, si ya ganda

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Bei ya kibaoni ni ya kilo pamoja na ganda na kokwa, na sehemu unayoila kwa kawaida ni robo hivi ya uzito, ikizidi theluthi ni bahati.

Chukua Musang King la kilo 2 kwa ringgit 40 kwa kilo. Unalipa 80. Ndani unapata gramu 500, tuseme 600 kama kokwa ni nyembamba kweli. Maana yake kilo ya nyama imekugharimu kati ya ringgit 130 na 160. Doriani la kijijini la ringgit 10 kwa kilo, la uzito ule ule, unalipa 20, lakini kokwa zake ni kubwa na huenda ukapata gramu 400 tu: kilo ya nyama ni 50. Kibaoni tofauti ilikuwa mara nne, mdomoni ni kama mara tatu. Ndiyo maana aina yenye kokwa bapa si ghali kama inavyoonekana, na ndiyo maana Monthong lenye nyama nene huwa nafuu kuliko kibao kinavyosema.

Bei zenyewe hazitulii. China ndiye mnunuzi mkubwa. Malaysia iliruhusiwa kuipelekea madoriani mazima yaliyogandishwa mwaka 2019, na mazima mabichi mwaka 2024, na kila mlango ulipofunguliwa bei ya Musang King ilisikia. Kwa upande mwingine miti iliyopandwa kwa tamaa ya soko hilo sasa inazaa, na msimu ukijibu vizuri bei huporomoka ndani ya wiki moja. Usinunue wiki ya kwanza ya msimu. Nunua lundo linapokuwa juu.

Uliza daraja. Musang King hupangwa A, B na kuendelea, na mara nyingi kinachoshusha daraja ni umbo: tunda lililopinda, chumba kimoja kimelala. Nyama yaweza kuwa ile ile. B la siku hiyo hulishinda A la jana. Na nenda alasiri, malori kutoka mashamba ya Raub na Bentong yakiwa yameshafika. Usiku sana utapata punguzo, ila unaokota yaliyokataliwa na wenzako.

Kabla ya kupima, sema wazi: likiwa bichi au limeoza tunabadilisha. Kwenye mabanda mengi hilo ni jambo la kawaida, mradi umelifungulia pale pale. Ukiondoka nalo zima, shauri yako.

Hatua ya 7: Kula kwa mpangilio

Mkiwa wengi mkanunua aina tatu, anzeni na tamu na jepesi, mmalize na chungu. Ukianza na Tekka, D13 itakayofuata utaiona maji. Baina ya moja na jingine kunywa maji kidogo. Wenyeji huyamimina kwenye ganda tupu, wengine na chumvi, wakiamini harufu huondoka vidoleni.

Usilichanganye na pombe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, mwaka 2009 uliona katika maabara kwamba viini vya doriani vinazuia kimeng'enya kinachosaidia mwili kuvunja sumu ya pombe. Lina sukari na potasiamu nyingi pia, kwa hiyo mwenye kisukari ajipimie vipande, na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza. Hotelini usiingie nalo, na kwenye treni za Singapore limekatazwa kabisa.

Aliyeko mbali akinunua lililogandishwa, achague vipande ambavyo havina barafu nyingi ndani ya pakiti. Barafu ya chembechembe huonyesha liliyeyuka njiani likagandishwa tena. Liache kwenye sehemu ya chini ya friji usiku mzima, usiliweke juani. Musang King likiwa nusu barafu lina raha yake, kama aiskrimu ya tui.

Ukiwa Unguja au Pemba

Huku hakuna D wala namba. Doriani linauzwa kama doriani, na lina tabia za lile la kijijini Malaysia: kila mti na tunda lake. Kwa hiyo hatua ya tatu na ya nne ziruke, hatua ya tano ishike kwa mikono miwili. Ukibahatika na tunda lililokukaa, muulize muuzaji shamba lilikotoka na mti wenyewe, umwambie msimu ujao akuwekee la mti ule ule.

Kokwa yake ukiipanda usitegemee tunda kama la mama. Anayetaka lile lile atafute mkulima anayejua kubebesha. Kama unapanda kwa kubahatisha tu, ifukie siku ile ile uliyokula, maana ikikauka haioti tena.